Pikapu Ikikataa Kuwaka kwa Rimoti, Usiidanganye

Ni Jumapili nyingine, na leo tunateremka pwani ya kusini, tuvuke Likoni, tupite Ukunda hadi Msambweni. Msomaji wetu mmoja wa huko, ambaye hubeba samaki na madafu kwa pikapu kati ya Gazi, Ukunda na Diani, ametuletea swali ambalo nina hakika halimhusu yeye peke yake.

Pikapu yake ilifungwa kifaa cha kuwashia injini kwa rimoti. Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa shwari. Anapomaliza chai yake ya asubuhi anabonyeza kidude, injini inanguruma uani, kibaridi kinaanza kupuliza, na akiingia ndani kiti hakimchomi. Kisha vituko vikaanza. Leo kifaa kinawasha, kesho kinakataa. Mara taa zinawaka na kuzima mara kadhaa, injini isisikike. Fundi mmoja alipoitazama akasema dawa ni rahisi: kuna nyaya mbili tatu "zinazosumbua", azikate, nyingine aziunganishe na bodi ya gari, na kifaa kitawasha kila kinapoamriwa. Msomaji wetu anauliza, je, akubali?

Jibu langu ni la. Asikubali. Nyaya hizo "zinazosumbua" ndizo zinazomlinda mtoto anayecheza mbele ya pikapu hiyo. Hebu tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, ili hata mwanafunzi aliye nyumbani likizoni aweze kumsaidia baba au mama kuitafuta hitilafu.

KIFAA KIMETOKA WAPI?

Zamani gari liliwashwa kwa hendeli ya chuma iliyozungushwa kwa mkono. Hendeli hiyo ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma ghafla injini inaposhika, na watu wengi walivunjika mikono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo, kuwasha gari kukawa kazi ya kidole.

Rimoti imekisogeza kidole hicho mbali zaidi. Vifaa hivi vilipendwa sana Marekani ya kaskazini na Kanada, ambako asubuhi ya baridi mtu hupenda injini ipate joto kabla hajatoka nyumbani. Kwetu pwani sababu imegeuka: tunataka kibaridi kianze mapema. Lakini kuna tofauti nyingine iliyo kubwa kuliko hali ya hewa. Huko, magari mengi ni ya gia za kujiendesha yenyewe, na mengi ya vifaa hivi viliundwa kwa ajili yake. Huku kwetu, pikapu nyingi za kazi ni za gia za mkono. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Gari la gia za kujiendesha, mkono wa gia usipokuwa mahali pa kuegesha au pa nyutro, stata haipati umeme. Lakini pikapu ya gia za mkono, ikiwa imeachwa kwenye gia ya kwanza na stata ikazunguka, itaruka mbele, kuna dereva au hakuna. Kwenye gia ya nyuma, itaruka nyuma.

Sasa fikiria desturi ya madereva wetu. Ukitoka Kombani ukapanda hadi mji wa Kwale, juu ya vilima vya Shimba, unaegesha mteremkoni. Dereva mwangalifu huvuta breki ya mkono, huingiza gia, na huweka jiwe chini ya gurudumu. Ni desturi njema. Lakini dereva huyo huyo akisahau, akabonyeza rimoti akiwa dukani, wema wake umegeuka mtego.

KIFAA KINACHOKATAA KINA SABABU

Waliounda vifaa vya magari ya gia za mkono waliijua hatari hii, wakakiwekea kifaa maswali ya kuuliza kabla ya kuwasha. Ndugu msomaji, ukiyaelewa maswali haya umeshaielewa nusu ya ugonjwa.

Swali la kwanza: je, breki ya mkono imevutwa? La pili: je, dereva aliiacha gia ikiwa huru? Kifaa hakina macho ya kuona gia, kwa hivyo kinategemea maandalizi. Dereva anapofika huweka nyutro, huvuta breki ya mkono, hubonyeza rimoti au swichi kama kijitabu kinavyoeleza, kisha huchomoa ufunguo injini ikiwa bado inanguruma. Hutoka, hufunga milango, na kifaa huizima injini chenyewe. Kwa kuwa injini ilinguruma bila mtu kukanyaga klachi, na gari halikwenda, kifaa kinajua kwamba gia iko huru.

Swali la tatu: je, kuna mlango uliofunguliwa tangu hapo? Ukifunguliwa hata mara moja, maandalizi yanafutika, kwa sababu huenda aliyeingia ameugusa mkono wa gia. La nne: je, boneti imefungwa? Isije injini ikawaka mkono wa fundi ukiwa karibu na feni. La tano: je, kuna anayekanyaga breki ya mguu? Breki ikikanyagwa kabla ufunguo haujawekwa, kifaa huzima kila kitu.

Kifaa kikipata jibu baya hata kwa swali moja, hukataa. Basi jambo la kwanza la kujiuliza, kabla hujamwita fundi, ni hili: je, kifaa kimeharibika, au kinatimiza wajibu wake? Mara nyingi ubaya ni kwamba mtoto amefungua mlango kuchukua mpira wake, au utingo amerudi kuchukua koti. Kifaa kizima, maandalizi yamefutika. Kuna pia swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi ya kukilaza kifaa gari linapokwenda gereji. Ikiguswa kwa bahati mbaya, kitaa kidogo cha kifaa hubaki kimewaka bila kupepesa, na rimoti haitawasha injini hadi swichi hiyo irudishwe.

TUANZE KUTAFUTA

Ikiwa maandalizi yalifanywa sawasawa na bado kifaa kinakataa, fuata utaratibu huu. Usiruke hatua.

Kwanza, washa kwa ufunguo. Ufunguo nao ukishindwa, rimoti haina kosa. Nenda kwenye betri. Betri nzima iliyotulia usiku kucha husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 iko taabani. Muulize fundi isomeke pia wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeshika kutu. Injini ikinguruma, kipimo kiwe kati ya 13.5 na 14.5. Kumbuka kwamba joto hufupisha maisha ya betri, na joto la Ukunda silo la Limuru. Betri dhaifu huweza kuwasha kwa ufunguo leo, lakini ikakichanganya kifaa, kwa maana baadhi ya vifaa hutambua kwamba injini imewaka kwa kupima volti.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Kifaa chenye king'ora mara nyingi huwa na rilei inayokata umeme wa stata ili mwizi asiwashe. Rilei hiyo ikiungua, au nyaya zake zikilegea, hata ufunguo utashindwa ingawa betri ni nzima. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, unazungusha ufunguo, kimya. Mwambie fundi aanze kuangalia hapo kabla hajakuuzia stata mpya.

Pili, angalia rimoti yenyewe. Ikiwa inafanya kazi ukiwa karibu na mlango tu, badilisha kibetri chake. Soma namba iliyoandikwa juu ya kile cha zamani, kwa sababu kuna vya volti 3 na vya volti 12, na haviingiliani. Ikiwa rimoti zote mbili zimekuwa fupi, angalia uzi wa kunasia mawimbi: umesukumwa nyuma ya chuma cha dashibodi, au kioo kimebandikwa karatasi nyeusi yenye madini.

Tatu, hesabu taa. Kifaa kinapokataa, vingi huwasha taa ndogo za gari mara kadhaa ili kukuambia sababu. Hesabu ni mara ngapi, kisha tazama kijitabu, kwa kuwa kila kampuni ina hesabu yake. Msomaji wetu anasema taa zake zinawaka na kuzima. Hapo kifaa kinazungumza; ni hasara kutokisikiliza.

Nne, tazama injini inafanya nini. Ikizunguka bila kuwaka, au ikiwaka na stata ikaendelea kukwaruza, kifaa hakijui kasi ya injini. Huenda waya unaokipa habari hiyo umekatika, au fundi hakukifunza. Pikapu ya dizeli ikipigwa stata papo hapo bila kungoja plagi zake za joto, hilo ni suala la kurekebishwa kwenye kifaa. Ikiwaka sekunde moja au mbili kisha ikazima, na taa ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa, basi kizuia-wizi cha kiwandani hakijaiona chipu ya ufunguo. Ikinguruma kwa dakika 10 au 15 kisha ikazima yenyewe, furahi. Ndivyo ilivyopangwa.

CHUMVI YA PWANI

Sasa tuje kwenye adui wa pwani ya kusini. Upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili, huvuma kutoka baharini ukibeba unyevu na chumvi hadi kwenye kila msumari. Chumvi ikikutana na maji na shaba, kutu ya kijani hutokea. Waya ulioungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu peke yake hauna maisha marefu Diani. Ndiyo maana hitilafu nyingi za huku huja na kwenda: asubuhi kuna umande, kifaa kinakataa, mchana jua limekausha, kinawasha.

Anza na swichi ya boneti. Ni kijiti kidogo chenye springi, kimekaa mahali ambapo maji na vumbi havikosi. Kutu ikikiharibu, huweza kukiambia kifaa kwamba boneti iko wazi siku zote, na kifaa kitakataa siku zote. Au kikagandia chini, na kifaa kikadhani boneti imefungwa hata fundi akiwa ameinama ndani. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haina dalili. Swichi hiyo ni kitu kidogo. Ibadilishe, wala usiikate.

Kisha tazama swichi za milango. Mlango uliolegea bawaba baada ya kubebeshwa watu na mizigo huweza kutikisika njiani ukakiambia kifaa kwamba umefunguliwa. Dalili yake ni taa ya ndani kuwaka gari linapopita kwenye mashimo.

Na sasa taa za nyuma, ambazo nazishuku sana katika kisa cha msomaji wetu. Pikapu ya samaki huchuruzika maji ya barafu na chumvi, na maji hayo huteremka kwenye nyaya za taa za nyuma. Waya unaoshika bodi ya gari hapo huoza. Wakati rimoti inapowasha taa ndogo, umeme wake hutafuta njia ya kurudi kwenye betri. Njia ya halali ikiwa imeziba kwa kutu, umeme hupenya ndani ya balbu hadi kwenye waya wa breki. Kifaa kinapoona umeme kwenye waya wa breki hudhani kuna mtu anayekanyaga, na kinazima. Hakuna aliyekanyaga chochote, ila kutu!

Namna ya kulithibitisha ni rahisi. Washa taa ndogo kwa mkono, kisha simama nyuma. Taa ya upande mmoja ikiwa hafifu kuliko mwenzake, au taa ya breki ikawaka kidogo bila mguu kugusa, ugonjwa umepatikana. Fundi alegeze skrubu, asugue chuma kwa msasa hadi king'ae, afunge waya mpya, kisha apake grisi. Ni kazi ya muda mfupi. Linganisha na ile "dawa" ya kukata waya wa breki: kifaa kingewasha, ndiyo, lakini siku injini inapowaka bila kutakiwa, mguu wako kwenye breki usingeizima tena.

WAYA USIODANGANYWA

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Waya wa breki ya mkono ukiunganishwa na bodi ya gari moja kwa moja, kifaa kitaamini milele kwamba breki imevutwa, hata siku uliyosahau. Waya wa mlango ukikatwa, mtu ataingia, ataweka gia, atatoka, na kifaa hakitajua. Baada ya hapo kati ya kidole chako na mtoto aliye mbele ya pikapu hakuna kitu chochote. Rimoti ikibanwa mfukoni na funguo za nyumba, au ikichezewa na mjukuu sebuleni, gari litaruka.

Kwa hiyo, mama au bwana mwenye pikapu, baada ya kila matengenezo jaribu mwenyewe. Nenda mahali tambarare, peupe, pasipo na watu. Weka nyutro, ziba magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Gia isitoke nyutro katika majaribio yote. Fanya maandalizi, kisha fungua mlango, ufunge, ubonyeze rimoti: injini isiwake. Fanya maandalizi tena, shusha breki ya mkono kupitia dirishani, ubonyeze: isiwake. Yafanye tena, fungua boneti, simama kando ubonyeze: isiwake. Mwisho, iache iwake kwa rimoti, fungua mlango, na kanyaga breki bila ufunguo: izime. Huenda ikazima mlango ulipofunguliwa tu. Hiyo pia ni sawa. Ikishindwa jaribio hata moja, laza kifaa kwa ile swichi iliyofichwa na utumie ufunguo hadi kitengenezwe. Ufunguo haujamdhuru mtu.

MANENO MACHACHE KWA FAMILIA

Kwa nyinyi mnaotoka Nairobi au Mombasa mjini kuja Diani likizoni na pikapu ya nyumbani, kilazeni kifaa kabla ya kupanda feri ya Likoni. Feri hubeba magari na watu wa miguu pamoja, na nafasi kati ya bampa na magoti ya watu ni ndogo mno kwa kosa la kidole.

Msiwashe kwa rimoti gari lililo ndani ya gereji iliyofungwa au iliyoshikana na chumba cha kulala. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Mkinunua kifaa, mwulizeni fundi swali moja kabla ya bei: je, hiki kinakubali gia za mkono, na utakionyesha vipi? Akikosa jibu, ondokeni. Dai kijitabu na ukihifadhi nyumbani. Dai nyaya ziunganishwe kwa risasi na kufunikwa, na fyuzi iwe karibu na betri. Na uliza kama ufunguo wa akiba umefichwa ndani ya gari ili kukidanganya kizuia-wizi cha kiwandani, maana baadhi ya mafundi hufanya hivyo, na mwizi mjuzi hujua pa kuutafuta. Gari likikaa siku nyingi bila kwenda na betri ikalala, fundi apime umeme unaovuja kila kitu kikiwa kimezimwa; ukizidi sana miliampea 50, kuna kitu hakilali.

Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba. Basi ndugu yetu wa Msambweni aanze na taa za nyuma, afuate swichi ya boneti, na nyaya zake za usalama aziache zilivyo. Nanyi wengine, kama kuna gari linalowasumbua nyumbani, leteni maswali yenu tuyatazame pamoja. Hadi Jumapili ijayo, safari njema.